Petroli Iliyonuka Dagaa

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika gereji moja ya umma mjini Mwanza, na katika miaka yote hiyo nilitapika kazini siku moja tu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mahali penyewe palitosha kumtapisha mtu kila asubuhi. Gereji ilikuwa upande wa Mirongo, karibu na mto, na mto ule ulikuwa umekwisha kuwa mfereji wa uchafu wa mji mzima. Mvua ikinyesha, maji yake yalipanda hadi kwenye shimo letu la kufanyia kazi chini ya magari, yakaacha humo matope meusi na vitu ambavyo sitavitaja. Tuliyachota kwa debe, kisha tukashuka humo humo na spana zetu.

Ilikuwa miaka ya sabini, miaka ya foleni na vibali. Stoo yetu ilikuwa na rafu ndefu za chuma na mlinzi wa kuzilinda, lakini juu ya rafu hapakuwa na kitu ila mikanda ya feni ya magari ambayo hayakuwapo tena nchini. Gari lililoingia na plagi nzuri lilitoka na plagi mbovu, kwa sababu zile nzuri zilikwisha kuhamia kwenye gari la mkubwa fulani. Jambo hilo tulilipa jina la heshima: kusaidiana. Na mimi nilisaidiana. Siwezi kuyasimulia haya kama mtu aliyesimama kando.

Asubuhi moja ya kiangazi ikaletwa Landrova ya zahanati ya ng'ambo ya ziwa, ambayo huvuka kwa kivuko cha Kamanga. Dereva wake alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimelelewa katika nyumba ya Kilutheri ambamo baba alikagua kucha zetu kabla ya chakula. Mke wangu ni Msukuma wa Buhongwa, siku hizo Buhongwa ikiwa mashamba ya pamba na mifugo tu. Ukoo wao ni wa watu wakimya, isipokuwa huyu kaka. Yeye alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja, na hakuwahi kuingia kwetu mikono mitupu. Alileta samaki, sato wabichi waliotungwa kwenye kamba ya ukindu, siku nyingine sukari, siku nyingine kipande kizima cha sabuni. Aliyekuletea sabuni wakati ule alikuwa mtu wa kupokewa mlangoni.

“Kaka yangu anajua kutafuta,” mke wangu alizoea kusema, na mimi nilikula wale sato nikalamba vidole.

“Shemeji, gari inatetemeka,” aliniambia asubuhi ile, akishuka bila kuzima injini. “Ukikanyaga mafuta inatulia. Ukiachia tu, inapata degedege.”

Alisema kweli. Ile hali ya injini kunguruma yenyewe, gari limesimama na mguu haupo kwenye mafuta, sisi mafundi tuliiita sailensi. Landrova ile haikuwa na sailensi. Ilitikisika hadi vioo vikalia kwenye fremu zake, ikakohoa, ikataka kuzima, ikajivuta tena. Boneti lilirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya ugali.

Kwa gari jingine lisingekuwa jambo la kuharakisha. Lakini hili stata yake ilikuwa imekufa na nyingine haikupatikana. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwa imepotea, na nadhani ilipotelea kwetu. Njia pekee ya kuliwasha ilikuwa kulisukuma. Kwa hiyo dereva akifika mahali pa kusubiri, kama kwenye foleni ya kivuko, hakuthubutu kuzima. Aliliacha lingurume, na kila kitu kikategemea sailensi hiyo hiyo iliyokuwa mbovu.

Nilianza na umeme, kama nilivyofundishwa chuoni. Nilichomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inanguruma. Silinda inayofanya kazi, ukiinyima moto, injini hulegea. Ile iliyokufa hata ukiichomolea waya husikii tofauti. Ukishaijua mbovu, unajua pa kuanzia. Hapa nilipata majibu ya ajabu. Mara ya kwanza ilionekana silinda ya pili imekufa. Nikarudia, ikawa ya nne. Nikarudia tena, zote nne zikawa zinafanya kazi nusu nusu. Nikatoa plagi. Zote zilikuwa zimelowa, nyeusi, zimefunikwa masizi laini kama ya chini ya chungu. Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazipima mwanya, nikasugua kwa msasa platinamu, sehemu inayokata na kuunga umeme wa plagi, nikarudisha. Wenzangu wakasukuma gari, likawaka, likanguruma vizuri kwa muda wa kuvuta sigara moja. Kisha degedege likarudi.

Siku ya pili nikatafuta hewa. Injini ikivuta hewa kisirisiri kupitia gasketi iliyopasuka, haiwezi kutulia. Kwa kawaida unapaka maji ya sabuni kwenye maungio, ukaangalia yanapofyonzwa. Sabuni hatukuwa nayo, nikatumia oili na unyoya wa kuku. Nikapaka kila ungio kati ya kabureta na injini, sikio langu likiwa karibu kuungua. Hakuna kilichobadilika. Nikaziba matundu ya plagi kwa kidole, wenzangu wakilisukuma gari likiwa kwenye gia, na silinda zote nne zikanisukuma kidole kwa nguvu. Valvu zilikuwa nzima.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo yalipaswa kunifungua macho. La kwanza, kijiti cha kupimia oili kilionyesha oili imezidi, na ilikuwa nyepesi, inatiririka kama chai. Oili ya injini hupungua, haizidi yenyewe. Nikajiambia kwamba waliijaza ovyo. La pili, pampu ya mafuta ya Landrova ile ilikuwa na kikombe cha kioo ambamo takataka za petroli hutuama. Gari zima lilikuwa limevaa vumbi na grisi, lakini kikombe kile kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa kama glasi ya mgeni. Nikamsifu shemeji moyoni kwamba angalau anajali chombo.

Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, nikachukua chupa ya soda, nikaijaza petroli ya gereji, nikaining'iniza kwenye boneti na kuiunganisha na pampu kwa mpira. Maana yake ni kwamba injini ilikuwa inakunywa kutoka kwenye chupa, si kwenye tangi lake. Nikasafisha plagi tena. Tukalisukuma. Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikatema moshi mchafu, kisha ikatulia. Ilitulia kabisa. Vioo vikanyamaza. Nikakaa nalo hadi chupa ikaisha, halikutikisika. Nikarudisha mpira kwenye tangi. Kabla hata sijamaliza kufuta mikono, likaanza kutetemeka.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani ya tangi. Ningeunusa, lakini pua ya fundi wa siku zile ilikuwa imekufa. Tuliosha vyuma kwa mafuta ya taa kutwa, tukaoshea na mikono yetu, na tulinuka hayo hadi kitandani. Nikatumbukiza mpira kwenye tangi, nikauvuta kwa mdomo kama nilivyofanya mara nyingi. Petroli inapofika mdomoni inachoma na kupotea, inaacha baridi. Kile kilichofika mdomoni mwangu hakikupotea. Kilikuwa kizito na cha mafuta, kikashika ulimi na meno, na nyuma yake ikaja ladha nyingine ambayo sikuielewa mpaka nilipoitema: ladha ya samaki aliyeoza.

Nikaingia chini ya gari na kufungua nati ya kumwagia mafuta. Kwanza yakaja maji, karibu kopo zima, ya kijani kama ya ufukweni. Kisha ute. Kisha, pamoja na ute, vichwa vya dagaa, magamba, na vipande vya ngozi vilivyolegea kama karatasi iliyoloa. Vilinidondokea mkononi, vikateleza hadi kwenye kiwiko. Ndipo nilipotoka chini ya gari nikaenda kutapika nyuma ya stoo. Nilitapika hadi nikabaki natoa sauti tu, na kila nilipovuta pumzi harufu ilikuwa ndani yangu tayari.

Sikuhitaji kuambiwa. Wavuvi wa ng'ambo walikuwa wa aina mbili. Wale wa dagaa walivua kwa taa za karabai, na kwa ajili hiyo walipewa vibali vya mafuta ya taa. Wale wa mashua za injini walihitaji petroli, na petroli haikupatikana ila kwa magari ya serikali na ya huduma. Shemeji alikuwa na petroli ya zahanati. Akawapa hawa, wakamrudishia mafuta ya taa waliyoyapata kwa wale wa dagaa, katika madumu yao yale yale yanayolala chini ya mitumbwi, ndani ya maji na dagaa waliodondoka. Juu ya hayo wakamwongezea sato, wametungwa vizuri kwenye kamba ya ukindu.

Nilimkuta kwenye benchi la nje, anawachekesha walinzi. Nikamwita pembeni, nikamwonyesha kopo lenye yale maji na ute.

Akalitazama, akacheka. “Sasa shemeji, hata hayo umeyaona?”

“Hili ni gari la wagonjwa.”

“Kwani halitembei? Sikiliza. Nikiwapa dumu la petroli, wananipa dumu la mafuta ya taa. Tangi linajaa vile vile. Nani ameibiwa hapo? Na wavuvi nao si wananchi?”

“Kikombe cha pampu ulikuwa unakiosha wewe?”

“Nilikuwa nakuondolea kazi,” alisema, akanipiga bega.

Nakumbuka kwamba mdomo wangu bado ulikuwa na ile ladha, na kwamba yeye alinukia sabuni. Akashusha sauti. Akasema ataacha, ananiapia kwa mama yake, lakini nisimwaibishe, maana yeye akianguka atakayelia ni dada yake, yaani mke wangu.

Nikaosha tangi juu juu, nikasafisha kabureta. Jeti ndogo inayolisha injini wakati wa sailensi ilikuwa imeziba kwa ute, hiyo pia ilikuwa kweli. Fomani wetu, msimamizi wa mafundi, mzee wa Magu ambaye kwake r na l zilikuwa herufi moja, alikuja na kadi ya kazi.

“Ilikuwa nini?” akauliza.

Nikamweleza. Akakuna kidevu. Siku ile ile nilikuwa nimemwona akifunga sato wawili kwenye gazeti.

“Si umesema jeti iliziba?”

“Iliziba, mzee.”

“Basi andika jeti iliziba. Mambo ya petloli si ya geleji.”

Nikaandika: jeti ya kabureta iliziba, imesafishwa. Nikatia sahihi.

Jioni nilikuta sato mezani, wa kukaanga na nyanya. Mke wangu alikuwa amefurahi, ananieleza jinsi kaka yake alivyopita mchana. Niliona magamba mawili yaliyobaki kwenye pezi, nikatoka nje. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Hilo nalo halikuwa uongo, lakini lilitoka mdomoni mwangu kama ile kadi.

Vuli ilipoanza, Landrova ikarudi, na niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa inajikokota getini ikitetemeka vibaya kuliko mwanzo. Shemeji alishuka na vicheko vyake, akaenda moja kwa moja kwa fomani. Upande wa pili akashuka nesi wa zahanati, dada mwembamba, Mjita kwa lafudhi yake, amevaa gauni jeupe lenye pindo la matope. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alinisalimia, akauliza kama mimi ndiye fundi niliyetengeneza gari lile kiangazi. Nikasema ndiye.

Akafungua karatasi. Ilikuwa nakala ya kadi yangu, ile iliyorudi na gari.

“Umeandika jeti iliziba,” alisema. “Naomba leo uniambie injini hii ina nini. Usiniambie jeti.”

Nikamwuliza kuna nini kimetokea. Akanieleza akiwa amesimama, macho yake kwenye ile kadi. Wiki iliyopita alikuwa na mama wa kujifungua, mtoto ametanguliza mkono. Hapo zahanati hapana la kufanya. Ilibidi avushwe kuletwa hospitali mjini. Walifika Kamanga kivuko kikiwa upande wa Mwanza, wakangoja kwenye foleni. Dereva hakuzima gari, kwa sababu ya stata. Likatetemeka, likatetemeka, mama akilia kwamba mtikisiko unamuua, kisha likazima lenyewe. Kivuko kikaja. Wakasukuma. Mchanga ulikuwa umeloa, magurudumu yakazama. Watu wa kivuko walishuka kusaidia, abiria nao wakashuka, likawaka, likapanda hatua chache, likazima tena katikati ya njia. Dereva akafungua boneti akaanza kufuta plagi kwa shati lake.

“Mwisho nikasema basi, mbebeni,” nesi alisema. “Tukamweka kwenye kivuko kwa machela. Upande huu wa Mwanza hatukuwa na gari. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa mtu aliyekuwa amebeba mihogo.”

Akaikunja kadi upya.

“Mtoto mkono wake ulikuwa nje, fundi. Nilikuwa nimeushika muda wote. Pale Kamanga ulikuwa unanibana kidole. Kwenye kivuko bado ulikuwa na joto. Tulipofika hospitali nilikuwa nimeshika kitu tu.”

“Na mama?”

“Mama yupo. Ameniuliza gari lile lina ugonjwa gani. Nikamsomea kadi yako.”

Upande wa pili wa uwanja shemeji alikuwa anacheka. Alikuwa amemshika fomani mkono, anamsimulia kitu, na mkono mwingine unaonyesha urefu wa samaki. Nilimtazama, na chuki niliyoisikia haikuwa ya hasira, kwa sababu hasira ina moto. Hii ilikuwa kama unavyomchukia funza kwenye nyama: hutaki kumpiga, hutaki kumgusa kabisa. Kisha nikakumbuka sahihi iliyokuwa kwenye karatasi ya nesi, nikajiona nimo kwenye nyama hiyo hiyo.

Nikamwambia nesi yote. Nikafungua kikombe cha pampu mbele yake. Safari hii hakikuoshwa, pengine shemeji aliona hakuna haja tena. Nikamwonyesha maji na ute. Nikamnusisha. Hakurudisha uso nyuma. Alisema tu, “Ulijua tangu kiangazi.”

“Nilijua.”

Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili. Niliteremsha tangi, nikatia ndani kokoto na maji ya moto, tukalitikisa watu wawili hadi maji yakatoka meupe, nikaliacha wazi juani. Nikamwaga oili iliyokuwa imelainishwa na mafuta ya taa yaliyochuruzika ndani ya silinda, nikatia nyingine. Nikasafisha kabureta kipande kwa kipande na kupuliza kila jeti kwa pumzi yangu. Nikaweka plagi zilizokuwa nzuri. Niseme ukweli, nilizitoa kwenye gari la mkubwa fulani, na hiyo ndiyo kusaidiana pekee ambayo sijawahi kuijutia. Nikaazima stata kwenye Landrova mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya gereji, nikaifungua, nikaiunganisha na vipande vya ile iliyokufa, nikapata moja inayozungusha. Kumbe ilikuwa inawezekana. Hakuna aliyekuwa amejaribu, kwa kuwa hakuna aliyeleta samaki kwa ajili ya stata.

Nesi alirudi kulichukua pamoja na dereva wa muda kutoka ofisi ya mkoa, ambako alikuwa amekwenda kushtaki. Nililiwasha kwa ufunguo. Nikarekebisha skrubu ya hewa na ya mafuta, taratibu, huku na huku, hadi mlio ukawa mmoja. Nikaweka kopo la maji juu ya boneti. Maji yalitetemeka kidogo pembezoni, basi.

Nesi alisimama akilitazama kopo.

“Ni hivyo tu?” akauliza.

“Ni hivyo tu.”

“Kazi ya siku mbili.”

Nikaliondoa kopo kwenye boneti. Akapanda gari.

Kadi niliyoandika safari hii ilieleza kila kitu: mafuta ya taa, maji ya ziwa, mabaki ya samaki. Fomani aliisoma akaichana mbele yangu. “Unataka kutumaliza wote,” alisema. Nikaandika nyingine, nikampa nesi mkononi kabla hajatoka getini.

Kamati ya kuchunguza jambo hilo iliketi baada ya majuma matatu, katika chumba chenye benchi na picha ukutani. Nilidhani shemeji ataingia ameinamisha kichwa. Aliingia anasalimia watu, shikamoo kwa wazee, ndugu kwa wengine. Akasimama akasema kwamba yeye ni mtoto wa mkulima, kwamba wavuvi walikuwa wanakwama na uzalishaji unashuka, naye aliona vibaya kuendesha gari limejaa petroli huku ndugu zake wa kijiji cha ujamaa mashua zao zimelala mwaloni, pale ufukweni. Alisema maneno mazuri. Baadhi ya wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Kuhusu yule mtoto alisema ni mipango ya Mungu.

Kisha nikaitwa mimi.

“Ndugu fundi, ulijuaje kuwa ni mafuta ya taa?” mwenyekiti aliuliza.

“Nilionja.”

Wakacheka. Mmoja akasema kumbe gereji ndiko petroli inakokwenda, inanywewa. Wakacheka tena, na shemeji akacheka nao, kwa ukarimu, kama mtu anayenisaidia kubeba aibu. Mwenyekiti akauliza swali la pili: mbona kadi ya kiangazi inasema jeti? Nikasema kweli ilisema jeti, na kwamba nilijua. Hapo hawakucheka. Wakaandika.

Uamuzi ulikuwa shemeji ahamishwe. Akapewa lori la kubeba pamba upande wa Shinyanga. Mimi nikapewa onyo la maandishi kwa kuficha habari. Fomani hakuguswa. Kwa mambo ya kamati, niliondoka pale nikitamani kuoga, lakini siwezi kusema walinionea.

Mke wangu alikuwa amekwisha kwenda kwao Buhongwa. Hakugomba. Alichukua mtoto wetu na beseni lake la nguo, akaniambia anakwenda kumsaidia mama kulima. Miezi ya kulima ilipita, mavuno ya pamba yakafika. Nilikwenda kumfuata Jumamosi moja. Mama mkwe alinipokea salamu, “Marahaba,” akaniwekea kigoda, akaniletea maziwa, akarudi kwenye shughuli zake bila neno jingine. Kutoka kwake hiyo ilikuwa hukumu nzima.

Mke wangu alikuja akakaa mbali kidogo, mikono ina vumbi la pamba.

“Kaka alinisimulia kivyake,” alisema. “Sasa nataka unisimulie wewe. Usinifiche.”

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye mkono wa mtoto akaniambia ninyamaze, kisha baada ya kitambo akaniambia niendelee. Nilipomaliza akauliza, “Wale samaki niliokuwa napika, ni wale?”

“Ni wale.”

Akatazama mikono yake. Hakulia. Nadhani alikuwa amechefuka, kama mimi siku ile nyuma ya stoo, ila yeye hakuwa na mahali pa kutapika.

“Ulinyamaza kwa ajili yangu?” akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. “Sijui,” nikasema. “Ilikuwa rahisi.”

“Ulipokuja kusema, ulifanya vizuri,” alisema. “Lakini yule ni kaka yangu, na ulimwacha mpaka akaua. Usinitake nikushukuru.”

Aliondoka nami siku ile ile. Tulitembea hadi barabara ya Shinyanga, yeye mbele na beseni kichwani, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Kila lori la pamba lililopita likielekea mjini alisimama akamwangalia dereva wake, kisha akaendelea kutembea.